Kinyozi Hajinyoi: Mwongozo wa Kuanzisha Kikoba cha Watathmini

Mtathmini yeyote aliyezunguka vijijini zaidi ya msimu mmoja amewahi kukaa kwenye benchi chini ya mwembe akihesabu kufuli. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, na dodoso lina swali lake: je, sanduku lina kufuli tatu? Anapiga vema. Anaingia kwenye mahudhurio, faini, mfuko wa jamii. Anawauliza akina mama wamesaidianaje mwaka uliopita, anaandika, anashukuru, anapanda gari. Jioni anarudi gesti, anafungua kompyuta, na hapo yeye mwenyewe hana kikundi cha aina yoyote. Hadidu za rejea hazieleweki, mteja hajibu barua pepe, sampuli imepungua kaya 18, na hakuna wa kumuuliza.

Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi. Basi kinyozi na atafute vinyozi wenzake. Mwongozo huu unamfundisha mtathmini kuiba: achukue katiba yote ya akina mama wale, kufuli, zamu, faini na mfuko wa jamii, aje nayo mjini, awakusanye wenzake wanaohangaika kama yeye, wanoane. Fedha za akina mama aziache palepale zilipo.

Katiba hiyo imeshajaribiwa vya kutosha. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo huu vilianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa huko, vikasambaa Afrika nzima, na kwetu jina lililoshika ni kikoba. Ni watu 15 hadi 25 au zaidi kidogo, wanaojuana hadi milango ya nyumba zao. Wanakutana siku ile ile, wananunua hisa, wanagongewa mihuri vitabuni, na baada ya miezi 9 hadi 12 wanavunja na kugawana. Sisi watathmini tumeandika habari zao mpaka makabati ya ofisi yamejaa. Tumeonyesha kwa majedwali na kwa maneno ya wahusika wenyewe kwamba mtu mwenye kikundi akiteleza huinuka upesi kuliko asiye nacho. Tumeuamini ushahidi huo kiasi cha kuwashauri wafadhili watoe fedha kwa ajili yake. Kilichobaki ni kuutumia nyumbani.

Na nyumbani kuna shida. Mhasibu wa Tanzania ana bodi inayomtahini na kumsajili, mhandisi ana ya kwake, daktari ana baraza lake. Watathmini wengi tuliingia kwa mlango wa uani. Huyu alisomea kilimo, yule uchumi, yule ustawi wa jamii. Mwingine alikuwa karani wa Sensa ya 2022, kishikwambi mkononi, akagundua kwamba anapenda kuuliza watu maswali. Siku moja mradi ukahitaji mtu wa ufuatiliaji na tathmini, akapewa cheo, akakabidhiwa jedwali la viashiria lenye kurasa sita, akaambiwa ripoti inatakiwa Ijumaa.

Vyama vipo, na namsihi kila kijana ajiunge navyo. Chama cha Tathmini cha Afrika, AfrEA, kilizaliwa Nairobi mwaka 1999, na nchi zetu zina vyama vyao. Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzijengea nchi uwezo wa kutathmini. Mwaka 2015 ukawa Mwaka wa Kimataifa wa Tathmini, na mwaka huo huo ukaanzishwa mtandao wa EvalYouth kwa ajili ya watathmini vijana. Yote ni mema. Lakini kongamano huja na kupita, wakati tatizo la kazi hukujia Jumanne saa nne usiku. Wakongwe nao ni wachache. Mmoja akisimama kunywa chai ukumbini, vijana 20 wanamzunguka, na chai inapoa. Hawezi kuwalea wote hata akitaka. Mwenzako wa rika anaweza, kwa sababu shimo ulilotumbukia leo yeye alitoka ndani yake mwezi jana, na matope bado anayo miguuni.

Watu sita na sahani ya mihogo

Kikoba cha fedha kinabeba watu 25 bila kuelemewa, kwa kuwa shilingi inagawanyika. Usikivu haugawanyiki hivyo. Anza na watu sita, wasizidi wanane, ili zamu ya kila mmoja ifike angalau mara moja kabla mwaka haujaisha.

Wachague kama anavyochagua mpishi wa pilau: viungo tofauti, sufuria moja. Awepo wa takwimu, na awepo wa mahojiano ya kina. Wa kwanza atasema mazungumzo na watu 12 si ushahidi. Wa pili atasema asilimia haijawahi kumweleza mtu kwa nini kisima kimetelekezwa. Wakalishe karibu, maana kila mmoja anabeba nusu ya kazi ya mwenzake bila kujua. Awepo aliye serikalini, anayejua bajeti ya halmashauri inavyopita mpaka ikafika au isifike. Awepo wa asasi isiyo ya kiserikali, na mshauri mwelekezi anayejitegemea, ambaye mwezi huu ana kazi tatu na mwezi ujao hana hata moja. Na awepo mmoja mwenye miaka miwili tu kazini. Huyo usimwache kabisa. Ndiye atakayeuliza, “Samahani, nadharia ya mabadiliko ni kitu gani hasa?”, na wengine watano watakaa kimya kwa sekunde kadhaa kabla ya kujibu. Kimya hicho kina faida kubwa.

Bosi na wa chini yake wasiwe kikundi kimoja. Hakuna anayesema “nimekosea sampuli” mbele ya mtu atakayejaza fomu yake ya tathmini ya utendaji Juni. Na usimwingize anayesaka dili tu. Utamjua: kikao cha kwanza ameshauliza nani anamfahamu nani kwenye ubalozi gani.

Mkutane Jumamosi moja kila mwezi, kwa muda wa saa mbili, siku isiyohamishwa. Aliyeko Kigoma au Bukoba aingie kwa simu. Mahali pawe sebuleni kwa mwenzenu kwa zamu, mihogo na chai vikitoka kwa mwenyeji. Kundi la WhatsApp lisihesabiwe kuwa kikao. Linafaa kukumbushana saa, lakini kundi la watu 200 linalopasiana matangazo ya kazi na salamu za siku ya kuzaliwa halijamsaidia mtu yeyote kurekebisha dodoso.

Posho hakuna, nauli kila mtu anajilipia. Na tafadhali, msiandike andiko la kuomba ufadhili. Kikundi kikishaonja posho ya kikao, siku mradi unafungwa nacho kinafungwa. Ni mara ngapi tumeandika sentensi hiyo hiyo kuhusu vikundi vya wengine, chini ya kichwa cha habari “uendelevu”?

Kufuli tatu

Kikoba kisicho na sanduku ni gumzo. Sanduku lenu ni yale mtakayoambiana, na linahitaji kufuli tatu kama lile la chini ya mwembe.

Kufuli la kwanza linafunga majina. Mteja hatajwi kwa jina, mhojiwa hatajwi, kijiji kinaitwa “kijiji kimoja”. Bibi aliyemwambia mdadisi kwamba mwenyekiti wa kijiji alijigawia mbegu aliahidiwa siri, na ahadi hiyo haiishii kwenye kurasa za ripoti. Kufuli la pili linafunga karatasi: rasimu haitumwi, haipigwi picha, haikaririwi. Mwenye zamu anaeleza tatizo kwa maneno yake, basi.

Kufuli la tatu ndilo zito, nalo linafunga zabuni. Hapa vikundi vingi vinavunjika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Sote tunavua bwawa moja. Tangazo zuri likitoka asubuhi, wanachama wanne kati ya sita watakuwa wameshaliona kabla ya chakula cha mchana, na wote wanne watanyamaza. Mwezi unaofuata watakuja kikaoni wakiangaliana kwa pembe ya jicho. Mmoja ataeleza tatizo la mbinu, na mwenzake atajiuliza kama anaombwa ushauri au anapekuliwa.

Dawa yake ni kutangaza. Kila kikao kinafunguliwa kwa duru moja: nani ameomba kazi gani tangu tulipoachana. “Nimeomba ile ya afya ya mama na mtoto.” Neno hilo likishatoka, kazi hiyo haizungumzwi tena kikundini mpaka majibu yatoke, na hakuna anayenuna. Wakijikuta wawili wameitamani kazi moja, waulizane palepale: tuombe pamoja? Mara nyingi jibu ni ndiyo, kwa kuwa hadidu za rejea zetu humtaka mtu mmoja awe mchumi, awe mtaalamu wa jinsia, aongee lugha tatu, awe na uzoefu wa miaka 15 na akubali malipo ya mwanafunzi. Binadamu huyo hayupo. Wapo wawili au watatu wanaoweza kumfanya awepo kwa kuungana.

Na mtajane ada. Semeni kwa tarakimu, shilingi au dola, kwa siku: ulilipwa ngapi, uliomba ngapi, walikupunguza vipi. Najua ni vigumu, katika malezi yetu mshahara wa mtu ni kama umri wa mama mkwe. Lakini ukimya huu una wanaoumia, nao ni vijana na wanawake, wanaoingia kwenye mazungumzo ya mkataba bila kujua bei ya soko. Kijana akishajua kwamba wenzake wanalipwa mara mbili yake kwa kazi ile ile, hauzi tena siku zake kwa bei ya nyanya za jioni.

Zamu

Sasa tufike kwenye upatu wenyewe. Kwenye upatu kila mtu anatoa sawa, na kila mzunguko mmoja anabeba zote. Hapa mnachotoa ni saa mbili za akili zenu, na mwenye zamu anazibeba zote peke yake. Kikao kimoja, mtu mmoja, tatizo moja. Mkijaribu kushughulikia ya watu wote sita, kila mtu ataondoka na vijisenti.

Mwenye zamu anaeleza tatizo lake dakika 10 bila kukatizwa. Kisha zinafuata dakika 40 za maswali, na ni maswali matupu. Ushauri umepigwa marufuku. Wazo hili si langu. Mwingereza Reg Revans alilijenga miaka ya 1940 akifanya kazi kwenye bodi ya migodi ya makaa ya mawe ya nchi yake. Aliwaweka mameneja wa migodi pamoja, kila mmoja na tatizo lake halisi, waulizane badala ya kusubiri mtaalamu kutoka nje. Aliamini kwamba mtu hujifunza zaidi akiulizwa swali zuri na mwenzake kuliko akipewa jibu na mwalimu.

Hapa ndipo watathmini huteseka. Sisi tunalipwa kutoa mapendekezo, na mapendekezo hututoka kama jasho. Dakika ya pili tu mtu ameshaanza, “Mimi ningekuwa wewe…”. Mkatisheni. Au anakuja na pendekezo lililojifunika kanga ya swali: “Huoni kwamba ingekuwa vizuri kuongeza sampuli?” Hilo nalo ni pendekezo, mrudishieni alivue kanga. Swali la kweli ni lile ambalo anayeuliza hajui jibu lake.

Nitatoa mfano wa kikundi chetu. Mwenzetu mmoja alikuja na rasimu iliyorudishwa. Alikuwa ametathmini mradi wa maji, akakuta visima kadhaa havitoi maji, akaandika hivyo, na mteja akamwomba “alainishe lugha”. Alikuja amevimba kwa hasira, na kusema kweli tulikuwa tayari kuvimba pamoja naye. Lakini kanuni ni kanuni, tukauliza. Ulivitembelea wewe mwenyewe? Mwezi wa ngapi? Mwezi wa tisa ni kiangazi, je, masika vinatoa? Fundi wa kijiji alisemaje? Picha unazo, na tarehe zake? Kisha yule mdogo wetu wa miaka miwili kazini akauliza: neno gani hasa mteja hataki, “havitoi maji” au “mradi umeshindwa”?

Akafungua rasimu, akasoma kimya. Yote mawili yalikuwemo. La kwanza alikuwa na ushahidi wake wote, kisima kwa kisima. La pili alikuwa ameliandika usiku, amechoka, bila ushahidi wa kutosha kulibeba. Aliondoka na uamuzi wake mwenyewe. Hukumu aliiondoa, visima akavibakiza, kila kimoja na kijiji chake, tarehe yake na picha yake. Mteja aliipokea ripoti. Wanakijiji waliochota maji ya mtoni walibaki ndani ya kurasa zake, na hilo ndilo lililokuwa la muhimu kuliko yote.

Angekuwa peke yake, njia zilikuwa mbili: kulainisha kila kitu ili alipwe, au kugoma na kupoteza vyote. Watu huuliza uhuru wa mtathmini unalindwa na nini. Sera zinaulinda kwenye karatasi. Saa nne usiku unalindwa na mtu wa kumpigia simu.

Na mimi nilipata zamu yangu. Miaka kadhaa nyuma niliongoza kazi ya fildi katika mikoa miwili, nikaandika sura tatu za ripoti. Jalada lilipotoka lilikuwa na jina la mtaalamu aliyekuja kwa siku sita. La kwangu lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani, kati ya dereva na mwenye gesti. Dereva na mwenye gesti walistahili shukrani zao, mimi nilistahili jalada. Nilikaa na jambo hilo moyoni mwaka mzima. Nilipolieleza kikundini, swali la kwanza lilikuwa fupi: mkataba ulisemaje kuhusu majina? Mkataba haukusema lolote. Tangu siku ile hakuna mwanachama wetu anayesaini mkataba usiotaja majina ya waandishi, na kwa mpangilio gani.

Maswali yakiisha, mwenye zamu anasema atafanya nini, kwa sentensi moja, na katibu anaiandika. Sasa ushauri unaruhusiwa, mmoja kwa kila mtu. Kikao kinachofuata kinaanza na sentensi ile: ulifanya?

Ufanisi wa kwanza na ufanisi wa pili

Zamu moja kwa mwaka itengeni kwa ajili ya lugha. Mwaka 1991 kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD iliweka vigezo vitano vya kutathmini mradi, na mwaka 2019 ikaongeza cha sita. Kati yavyo, kimoja kinauliza kama malengo yamefikiwa. Kingine kinauliza kama fedha, watu na muda vimetumika vizuri. Ni maswali mawili tofauti kabisa: unaweza kuchimba kisima kizuri kwa bei ya visima vitatu. Sasa fungueni madodoso na ripoti za Kiswahili mlizonazo. Katika nyingi mtakuta vigezo vyote viwili vimeitwa “ufanisi”. Mkurugenzi wa halmashauri anasoma kwamba mradi una ufanisi mkubwa na ufanisi mdogo, anaifunga ripoti, anairudisha kabatini.

Kikundi chetu kilibishana juu ya hili mpaka mihogo ikapoa. Uamuzi wangu ni huu: cha kwanza kiitwe ufikiaji wa malengo, hata kama ni refu, na cha pili kiitwe tija. Wewe na wenzako mkiamua vingine, amueni, ila muamue, kisha madodoso yenu yote yaseme kitu kimoja.

Kisha mwende kwenye maneno tunayoyabeba mpaka mlangoni kwa watu. “Je, kaya yako ni stahimilivu?” Bibi anajibu, “Mwanangu, tunavumilia.” Mdadisi anaandika ndiyo, na mezani kwa mchambuzi kaya iliyolala na njaa inahesabiwa miongoni mwa zilizo imara. Hakuna programu ya takwimu itakayolikamata kosa hilo. Litakamatwa na mtu aliyekua anasikia bibi yake akisema “tunavumilia” kwa sauti ile ile, na mtu huyo yuko kikundini mwenu. Mjadala wa tathmini yenye asili ya Afrika umezungumzwa katika makongamano ya AfrEA kwa miaka mingi, na wasomi kama Bagele Chilisa wa Botswana wameuandikia vitabu. Kwa kikundi cha watu sita unaanzia kwenye maswali ya dodoso la Jumatatu ijayo: je, mama yangu angelielewa hili?

Faini nazo ziwepo, ndogo na zisizosamehewa. Kuchelewa, faini. Kutoa ushauri wakati wa maswali, faini. Kusema “kujengewa uwezo” bila kueleza nani alifundishwa nini na sasa anafanya nini, faini mara mbili. Zinunue mihogo ya kikao kijacho.

Mfuko wa jamii

Akina mama wa kikoba wana mfuko wa pembeni. Mtu akifiwa, akiuguliwa, akiunguliwa nyumba, mfuko unafunguliwa bila maswali marefu. Watathmini tulikuwa tunaupa mfuko huu safu moja kwenye jedwali. Mwaka 2025 ulitufundisha kuusoma upya.

Tarehe 20 Januari mwaka huo rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limeacha kuendesha misaada hiyo. Kwa watathmini wengi wa Afrika Mashariki hiyo haikuwa habari ya redioni. Kazi zilisimama wadadisi wakiwa fildi. Ripoti zilizokaribia kwisha zilikosa wa kuzipokea. Watu waliokuwa na mikataba ya miaka mitatu walijikuta wana barua ya kurasa mbili. Mtu aliyetumia miaka kumi kupima jinsi kaya zinavyohimili mshtuko akarudi nyumbani kwenye kaya iliyopata mshtuko.

Kikundi hakiwezi kurudisha mikataba. Kinaweza kusoma wasifu wa mwenzenu na kumwambia kwa upendo kwamba kurasa 11 ni nyingi. Kinaweza kumwazima kompyuta, kumnunulia kifurushi, kumpa sehemu ya kazi ndogo ambayo mmoja wenu angeifanya peke yake. Kinaweza kumkumbusha kwamba serikali, halmashauri, vyuo na mashirika ya dini nayo yana miradi inayohitaji kutathminiwa, na kumtambulisha kwa yule mwanachama wenu aliye serikalini. Zaidi ya yote, kinamfuata nyumbani. Mtu aliyepoteza kazi huacha kuja vikaoni kwa aibu. Akikosa mara mbili, wawili waende mlangoni kwake na sukari. Kikoba kinafanya hivyo, na ninyi mmeshaandika kwamba kinafanya hivyo.

Kuvunja

Mwezi wa 12 mnavunja. Watathmini mkifika hapa mtashikwa na hamu ya kutengeneza viashiria, utafiti wa awali na mchoro wenye mishale. Jizuieni. Kila mtu aje na kitu kimoja anachokifanya sasa ambacho mwaka jana hakukiweza, akionyeshe: mkataba wenye jina lake, dodoso lililosahihishwa, barua aliyomwandikia mteja kukataa. Vilazwe mezani, vitazamwe na wote. Asiye na cha kuweka aseme hivyo, na zamu ya kwanza ya mzunguko mpya iwe yake. Kisha mnaamua nani anaendelea na nani anakwenda kuanzisha kikundi kingine na wadogo zake kazini, maana mwenye miaka miwili sasa ana mitatu, na nyuma yake wapo waliokabidhiwa jedwali la viashiria wiki hii.

Kwa hiyo chukua karatasi sasa hivi, uandike majina sita. Anza na yule mliyeshindana naye kwenye zabuni ya mwisho. Namba yake unayo. Mpigie leo, kabla hajaingia fildi.